Risiti ya Nyumba

Alikuja muadhini bado kalala,
na ndoo ya chokaa, na kamba ya mwashi yenye mafundo.
Dada, nikamwambia, uwanja huu ni wa magari.
Hapa Narung'ombe hata kivuli kinalipiwa.
Akauliza: na nyumba je?
Nikacheka. Akachovya brashi.

Saa moja na nusu ilikuwa imesimama,
imelala, tuseme,
nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita:
korido katikati kama mwiba wa samaki,
baraza mbele, ua nyuma, choo pembeni,
mistari mitupu juu ya lami.
Ilikula nafasi za magari tisa.
Mashine yangu haina kitufe cha nyumba,
inataka namba ya usajili.
Nikabonyeza N, Y, U, M, B, A.
Akalipa ya kutwa, hakuomba punguzo.

Jina lake Tunu binti Mfaume.
Miezi minane kaajiriwa kupima jengo la Mjerumani
kule karibu na bandari:
kila dirisha, kila bawaba.
Kila ufa una namba. Ufa una faili!
Litavunjwa mgongo, libaki uso,
na nyuma ya uso ghorofa ishirini za vioo.
Kibao cha shaba kitasema: limehifadhiwa.
"Ya bibi yangu, hapa unapoegesha,
iliangushwa Jumatatu, kati ya chai na chakula cha mchana.
Hakuna aliyeipima.
Naipima mimi, kwa hatua za mtoto wa miaka saba."

Watu wakaja. Wakavua viatu
kwenye kizingiti kisichokuwepo.
Mchuuzi wa soksi, na haraka zake zote,
aliuzunguka ukuta ambao angeweza kuuruka.

Bi Mwamtoro, mpangaji wa chumba cha tatu,
akafika na bajaji toka Mbagala.
Akasimama palipokuwa na cherehani yake,
akatanua mikono.
"Kikubwa mno. Umenipambia.
Chumba changu ukinyoosha mguu unagonga mlango.
Na choo, watu kumi na mmoja, umekichora kisafi!
Mvua ikinyesha tulilala tumekumbatia beseni.
Siku ilipovunjwa sikuililia nyumba.
Nililia kodi niliyokwisha kulipa."
Tunu akaufuta ukuta kwa pindo la kanga,
akausogeza ndani.

Mchana akaja bwana wa ofisi, kofia ngumu kichwani,
akapiga picha, akasema inagusa,
akasema ingefaa itunzwe:
rangi ya barabara isiyofutika,
mnyororo kuizunguka, watu wasikanyage.

"Wasikanyage?" Bi Mwamtoro.
"Hii ilikuwa ya kukanyagwa, baba."
Kisha, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Na lile la mjini, mnavunja upande upi?"
Wa nyuma, bibi. Mbele ndiko kwenye historia.
"Babu yangu hakupita mbele.
Waliingizwa kwa nyuma, mikono imefungwa."
Bwana yule akatazama simu. Haikuwa imeita.

Saa kumi Noah nyeupe ikarudi kinyumenyume
mpaka chumbani kwa Bi Mwamtoro.
Nilipiga filimbi, nimechelewa.
Tunu alikuwa kaketi barazani, juu ya lami,
anakula muhogo. Hakuinuka.
Usiku mvua.
Asubuhi kumebaki kona ya choo tu,
nyeupe pe.

Wiki tatu sasa.
Naelekeza magari: rudi, rudi, kata kulia,
na ulimi wangu unaponyoka: angalia mlango!
Dereva ananitazama.

Nakala ya risiti ninayo mfukoni.
Karatasi za mashine hizi hazikai na wino,
joto la mwili tu linazila.
N imekwenda. Y imekwenda.
Kinachosomeka ni UMBA,
nayo inaanza kupauka.
Kalamu ninayo.
Nikiyakoleza, yatakuwa maandishi yangu.
Nikiyaacha,

gari linaingia. Ngoja.